Jino Bovu la Siwatu

Paukwa!

Pakawa.

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale alikuwapo Bi Nyegere na mwanawe mdogo, Siwatu. Bi Nyegere alipenda vitu viwili: asali, na habari za watu. Kila jioni mtoto akilia, mama humtia kipande cha sega kinywani. Kimya. Mtoto analala, asali imegandia menoni. Mama huyoo kwa shoga yake Bi Kanga, kusikia nani kaolewa na nani kaachwa.

Siku zikaenda. Meno ya mbele yakaota madoa meupe. Yakawa ya manjano. Yakawa meusi. Bi Kanga akamshauri ampeleke mtoto kwa Kigogota, mganga wa meno. Bi Nyegere akacheka.

"Meno ya utoto hayo, shoga. Yataanguka, tutayarusha juu ya paa, tuombe mapya."

Asubuhi moja Siwatu akaamka shavu kama nazi. Kumbikumbi hali. Maziwa hanywi. Mwili moto. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu mbavu zikahesabika. Bi Nyegere akambeba, pu, pu, pu, hadi mtini kwa Kigogota. Bi Kanga nyuma, asipitwe.

Kigogota akachungulia. "Anakula nini huyu?"

"Maziwa tu, baba."

Bi Kanga akakohoa.

"Na asali kidogo."

"Ya kulalia?"

Bi Kanga akakohoa tena.

Jino moja halikufaa tena, likang'olewa. Mawili Kigogota akayadonoa, ko-ko-ko, akatoa uozo, akaziba kwa ulimbo. Mama akanung'unika kwamba ni kazi bure, yangeanguka yenyewe.

"Mama Siwatu, jino la utoto linamshikia mwenzake nafasi. Likioza, usaha unamfikia yule anayesubiri ndani ya ufizi. Ukirusha bovu juu ya paa, unadhani utarudishiwa zima?"

Bi Nyegere akafumba mdomo.

"Usiufumbe," akasema Kigogota. "Zamu yako."

Bi Kanga aliisimulia hiyo mwezi mzima.

Shavu likanywea, Siwatu akala kumbikumbi. Sasa kila jioni mama humsugua meno kwa mswaki ndipo amlaze. Akilia, huimbiwa.

Basi, wazazi: jino la mtoto likianza kuota doa, litibiwe; msingoje lianguke. Wala mtoto asilale na utamu kinywani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka nyingine, kwanza nione meno.