Kipaza Sauti cha Mwinyimvua

Mwinyimvua, mwenye duka kubwa la mikate, alichoka kumwona Bi Tabu akikaanga vitumbua kwenye baraza la duka hilo.

"Biashara ni maneno, Bi Tabu," alisema, akipangusa kipaza sauti chake kipya kilichotundikwa juu ya mlango. "Kesho tushindane. Nikikutangulia kumaliza kuuza, uhame."

"Na nikikutangulia mimi?"

"Baraza ni lako mpaka ufe!"

"Haya. Mimi nitakaa kimya, ila nikae chini ya hicho kipaza sauti, niyasikie vizuri hayo maneno."

Mwinyimvua alicheka mpaka akashika mbavu.

Asubuhi akanguruma: "Njooni! Laini! Tamu! Moto moto!"

Mtaa mzima ukaja mbio. Watu wakaibonyeza mikate yake. Ilikuwa ya jana, migumu kama tofali. Hapo hapo Bi Tabu akageuza vitumbua, harufu ya iliki ikawapanda puani. Hakusema neno. Kufika saa mbili, sinia lake lilikuwa tupu.

Mwinyimvua alitoka nje, sauti imemkauka. "Umewafanya nini wateja wangu?"

"Mimi? Si umewaita mwenyewe? Umewaambia kuna moto moto, wakatafuta ulipo." Bi Tabu akajitwika sinia lake. "Kesho uanze kuita mapema kidogo, baba. Saa kumi na mbili mafuta yangu yanakuwa tayari."