Utabiri wa Bi Chura wa Majuma Mawili

Kuna mgeni mlangoni.

— Mkaribishe.

Mgeni mwenyewe ni uongo mtupu.

— Aingie akae, tutamjua kwa maneno yake.

Haya, mmemfungulia wenyewe.

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana watu walishaanza kuhama mjini na kujenga nyumba za bati, palikuwa na kitongoji kikiitwa Machimboni. Katikati yake ulipita mtaro mrefu. Pale barabara ilipoukata mtaro, watu walifukia kalavati, yaani bomba nene la zege la kupitisha maji upande wa pili. Na humo mtaroni waliishi wanyama wadogo wasio na pengine pa kwenda.

Aliyewasomea mawingu alikuwa Bi Chura. Kila mwezi ulipoandama, na kila ulipopevuka, alipanda juu ya tofali, akajaza hewa shingoni, akatangaza:

“Kro, kro. Wakazi wa Machimboni, majuma mawili yajayo ni mvua.” Basi wakafunga virago, wakapanda kilimani.

“Kro, kro. Wakazi wa Machimboni, majuma mawili yajayo ni jua.” Basi wakashuka kwenye kidimbwi, wakanywa na kuweka akiba.

Hakukosea hata siku moja. Na hapo ndipo palipokuwa na balaa, kwa sababu naye Chatu alikuwa na masikio yake.

Bi Chura akisema mvua, Chatu alikwenda, nyiririii, akajilaza kwenye njia ya kilimani. Bi Chura akisema jua, Chatu alikwenda, nyiririii, akajilaza kando ya kidimbwi. Iwe mvua, iwe jua, yeye alimeza. Bi Chura mwenyewe hakumgusa.

“Wewe nikikumeza,” alimwambia, “nani atanisomea mawingu?”

Mwezi mmoja Chatu alimmeza Baba Buku, yule panya mkubwa wa mashavu, akiwa amebeba mahindi ya watoto wake mdomoni. Alikuwa akipanda kilimani kwa sababu Bi Chura alisema mvua. Bi Chura alimsikia Mama Buku akilia usiku kucha, naye akakaa chini ya tofali lake akiwaza, sauti iliyomwita yule bwana njiani ilikuwa yangu.

Mwezi ulipokaribia kupevuka, ngozi ilianza kumwasha mgongoni. Aliujua mwasho ule. Ilikuwa mvua, tena mvua kubwa ya kung'oa vizingiti. Kabla hajapanda tofali lake, akasikia nyiririii.

“Bi Chura, majuma mawili yajayo yakoje?”

“Jua, Bwana Chatu. Jua la kupasua ardhi. Kidimbwi kitakauka, watu wote watahama. Hutapata hata mjusi.”

“Basi nile nini?”

“Kula leo. Meza kitu kikubwa kikukalie majuma yote mawili. Kisha ulale mahali penye ubaridi, usije ukaozewa tumboni kwa joto. Mimi ningekuwa wewe, ningelala ndani ya kalavati.”

Chatu akamsogelea.

“Watangazie na wenzako, nisikie. Na nikimwona hata mmoja amefunga virago anapanda kilimani kukimbia mvua, nitajua umenidanganya. Nitaanza na wewe.”

Bi Chura akapanda tofali. “Kro, kro. Wakazi wa Machimboni, majuma mawili yajayo ni jua.”

Wakamwamini. Kwa nini wasimwamini?

Chatu akajiviringa juu ya ukingo wa mtaro, akatazama nani atahama. Bi Chura akaona hawezi kumwonya mtu. Basi akaenda kwa Mama Buku, akasimama mlangoni pake.

“Mama Buku, nyumba yako inanuka. Hata marehemu alikuwa akija kupumua kwangu.”

“Unasema nini wewe?”

“Nasema watoto wako ni wezi na mama yao ni mchafu.”

Mama Buku akatoka kwa hasira. Akamtazama Bi Chura kana kwamba hajawahi kumwona. Kisha akabeba watoto wake. “Sikai jirani na mtu kama wewe. Afadhali nilale na upepo huko juu.” Akapanda kilimani.

Bi Chura akaenda kwa Kicheche, akamtukana. Kicheche akapanda kilimani. Akaenda kwa Fuko, akamtukana kipofu wa watu. Fuko naye akapapasa njia, akapanda kilimani. Chatu kule ukingoni akacheka mpaka magamba yakalia kwacha-kwacha.

“Bi Chura, leo umekula nini?”

“Jua, Bwana Chatu. Linanivuruga kichwa.”

Akabaki Mzee Kalunguyeye, ambaye shimo lake lilikuwa ubavuni mwa mdomo wa kalavati. Huyu hakujua kusema uongo. Chatu alimsalimia kila asubuhi, naye alijibu kila alichoulizwa, kwa adabu, akiwa amejikunja ndani ya miiba yake. Kumnong'oneza siri ilikuwa sawa na kumnong'oneza Chatu.

“Mzee,” Bi Chura alisema, “wewe ni mzigo. Unakula mchwa wetu bure. Hakuna anayekupenda mtaro huu.”

“Una njaa, mwanangu,” alisema Mzee Kalunguyeye. Akamsogezea mchwa wachache. “Kula kwanza.”

“Nimesema hakuna anayekupenda.”

“Nimesikia. Siku nyingine mtu huamka vibaya. Kesho utaamka vizuri.”

Alimtukania mama, akamtukania miiba. Mzee akaitikia kwa kichwa tu. Bi Chura akaondoka.

Jioni ile Chatu akavizia beberu aliyefungwa kambani nyuma ya nyumba, akamzungushia mwili, akamzungushia tena, akammeza pamoja na kamba. Tumbo likawa kama gunia. Akajisukuma ndani ya kalavati, kwaruu, kwaruu, mpaka akabanana humo, kichwa kimetokea mlangoni pa Mzee Kalunguyeye. Bi Chura akaja akakaa mbele yao. Chatu alikuwa bado anaweza kujivuta nje, polepole, kama angejua sababu.

Gururu, gururu.

“Bi Chura, nini hicho?”

“Malori ya kokoto, Bwana Chatu.”

Ndo. Ndo.

“Na hili lililonidondokea?”

“Umande.”

Chwaa.

“Na maji haya?”

“Watu wanafua huko juu, wamemwaga mapovu.”

Mzee Kalunguyeye akatoa pua nje ya shimo lake. “Nami nasikia kama ngurumo, mwanangu.”

Bi Chura akamtazama. Akamtazama Chatu. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi.

“Malori, Mzee. Lala.”

“Kama umesema wewe, basi,” alisema mzee, akarudi ndani.

Kisha maji yakaja, pwaaa, na ukuta mzima wa tope. Chatu akavuta, tumbo likakataa. Akavuta tena, kalavati likamshika. Bi Chura alipanda juu ya barabara, akasikia kila kitu mpaka kukawa kimya.

Maji yalipopungua, wote waliokuwa kilimani wakashuka. Waliona mkia wa Chatu umening'inia upande wa pili wa barabara. Waliona pia miiba michache kwenye tope.

Bi Chura akawaeleza yote. Mama Buku akasikiliza.

“Ungeniambia ukweli,” alisema.

“Ungenyamaza?”

Mama Buku akafikiri. “Nisingenyamaza.” Lakini hakumkaribisha kwake, siku ile wala baadaye.

Mwezi ulipoandama, Bi Chura akapanda tofali. “Kro, kro. Wakazi wa Machimboni, majuma mawili yajayo ni jua.”

Na lilikuwa jua kweli. Wakafunga virago wote, wakapanda kilimani. Wakakaa huko juani na watoto wao, wenye kiu, wakingoja mvua.

Basi, watoto, mafunzo ni haya. Jirani mpole huishi miaka mingi. Mtu asimtukane jirani yake, hakuna faida hata kidogo. Na anayetangaza hali ya hewa hana sababu ya kudanganya: akisema kesho jua, anikeni nguo mkalale.

Imekomea hapo. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia ameota yake.