Pumzi Moja Mbele ya Ndoo

Wahenga waliposema "Kawia ufike" hawakuwa wakiwatetea wavivu. Mvivu hulishika neno la kwanza akalilalia, na mwenye pupa hulikimbia; wote wawili husahau kwamba uzito wa methali uko kwenye neno la pili. Kukawia kunakosifiwa ni kule kwa mtu anayetua kidogo njiani ili afike salama, yeye na wale anaowabeba. Daktari Jérémie wa Baraka, mji ulio kando ya ziwa, alikuwa hajui hayo, ingawa alijua mengi.

Jérémie alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali moja mjini humo, mchapakazi asiyejua kuketi. Kila asubuhi alinawa mikono ofisini kwake kwa sabuni, kisha akaingia wodi ya akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa. Malezi yake yalikuwa mema. Bibi yake alimfundisha kwamba asiyetoa mkono amedharau, naye hakutaka kumdharau mtu. Aliwapa mkono wagonjwa, wauguzi, hata shangazi waliokuja na sufuria za uji. Mkono uleule wa salamu ndio ulioinua bandeji kuchungulia mshono. Kitanda cha pili, salamu, bandeji. Cha tatu, salamu, bandeji. Watu walimpenda, na kwa kweli alistahili kupendwa.

Lakini mishono ilianza kuoza. Katika wiki tatu akina mama wanne walishikwa na homa, na mmoja alirudishwa kupasuliwa tena. Jérémie alilaumu nyuzi, akalaumu maji ya ziwa, akawalaumu shangazi wa uji. Mikono yake hakuitilia shaka hata kidogo, kwani alikumbuka vizuri kuwa ameinawa. Ndoo mbili za kunawia zenye bomba, moja mlangoni na moja katikati ya wodi, alizipita kila siku bila kuziona.

Mama Adolphine, mkuu wa wauguzi wa wodi hiyo, alimwita pembeni siku moja.

"Docteur, mbele ya kugusa mama wa kitanda ya tano, ulinawa?"

"Nilinawa, mama."

"Na mbele ya huyu wa sita?"

Jérémie aligeuka kukitazama kitanda cha sita. Hakukumbuka.

"Mikono yako iko hapa, lakini akili yako ilishafika ku salle ya operesheni," Adolphine alisema. "Kule ku chorale yetu, mbele ya kuimba tunasimama, tunavuta pumzi moja. Asiyevuta anaharibu wimbo ya bote. Simama mbele ya ndoo, vuta pumzi, angalia mikono, jiulize: nilimugusa nani, naenda kumugusa nani? Kiisha unanawa."

Jérémie alicheka. Alimjibu kwa heshima kwamba wagonjwa arobaini hawamngojei daktari anayepumua, akashika njia yake.

Siku mbili baadaye, katika mbio zake, alifika kitanda cha saba. Alilala hapo Kezimana, mkimbizi wa Burundi aliyeletwa kutoka kambi ya Lusenda, amepasuliwa jana yake, kitoto chake ubavuni. Daktari alinyoosha mkono. Kezimana aliuficha wake ndani ya kitenge.

Wodi nzima iligeuka kuwatazama. Kumnyima daktari mkono, tena mbele ya watu, ni jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale.

"Unisamehe, Docteur," Kezimana alisema kwa sauti ndogo. "Umetoka kugusa kidonda ya mama ule, na iko natoka usaha. Mi niko na batoto batatu kule Lusenda, baba yao alishakufa. Nikikufa, nani atabalea?"

Jérémie alitahayari mpaka masikio yakawaka moto. Wako madaktari ambao wangefoka, na mimi nawajua. Yeye aligeuka, akaenda kwenye ndoo ya katikati, akasimama. Akavuta pumzi moja ndefu. Kisha akaitazama mikono yake kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Kwenye ukucha wa kidole gumba palikuwa na doa dogo la manjano.

Alinawa polepole, katikati ya vidole na chini ya kucha, huku akiwaza: nimetoka kwa mama wa kitanda cha sita, naenda kwa Kezimana na watoto wake wanne. Aliporudi alimsalimu kwa kiganja kifuani, ndipo akaugusa mshono.

Tangu siku hiyo alitua kwenye ndoo kabla ya kila kitanda. Wiki ya kwanza wauguzi walinung'unika, maana mzunguko wa asubuhi ulivuka adhuhuri. Mwezi ulipokwisha walinyamaza wenyewe: mishono ilikuwa mikavu, bandeji za kubadilisha zilipungua, na mzunguko uliokuwa ukivuka adhuhuri ukaisha saa nne asubuhi.

Wiki ya sita Kezimana alirudi kuonyesha kovu lake, mtoto mgongoni. Alimkuta daktari ametoka tu kumhudumia mgonjwa mwingine, na mbele ya wodi nzima, yeye mwenyewe akanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza, mama," Jérémie alisema.

Alikwenda kwenye ndoo, akavuta pumzi, akanawa. Kezimana alingoja, mkono wake ungali umenyooshwa, akitabasamu. Kisha daktari akarudi akaushika kwa mikono yote miwili. Ama kweli, kawia ufike.