Runinga ya Ng'ambo

Wahenga hawakukosea waliposema kila mlango na ufunguo wake. Ukiutia ufunguo usio wake, ukasukuma kwa nguvu, utavunja kitasa na bado utabaki nje.

Palikuwa na mpishi aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kazi ng'ambo. Alikuja na runinga pana, ameizungushia blanketi kama mtoto mchanga. Mkewe, mshonaji, alisogeza cherehani yake pembeni ili kuipisha. Binti yao walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kusema, lakini tangu mtu yule aingie alikuwa kimya kama maji ya mtungini. Baba aliondoka yeye akiwa bado tumboni, naye alimjua baba huyo kwa sauti ya simu tu.

"Njoo umwamkie baba yako," mama alimwambia.

"Baba yuko kwenye simu," Chiriku alijibu, akajificha nyuma ya cherehani.

Mpishi alicheka, lakini moyo ulimchoma. Akajisemea, akiona picha zinacheza, atanijia mwenyewe.

Plagi ya runinga haikuingia ukutani.

"Baba Chiriku, tumwite fundi kwanza," mkewe alisema.

"Fundi wa nini? Umeme ni umeme tu. Mimi nimetembea, mke wangu!"

Akaikata plagi ile, akafunga nyingine. Alipowasha, pah! Harufu ya kuungua ikajaa chumbani.

"Mama, mgeni anaunguza nyumba!"

"Mgeni nani? Niite Baba!" alinguruma. Chiriku akapotelea chini ya meza ya kukatia nguo.

Fundi alikuja, akafungua mgongo wa runinga, akatikisa kichwa. "Kaka, huko ulikotoka umeme wao ni kama nusu ya huu wetu. Umeilisha shibe isiyo yake. Shukuru iliyokufa ni fyuzi tu. Nitakuletea fyuzi nyingine, na transfoma ya kupunguza umeme. Ila usiilazimishe tena."

Alasiri ile mpishi aliketi sakafuni, akikitazama kile kioo cheusi. Mwanga wa dirishani ulikiangukia, na ndani yake chumba kizima kikaelea kama kilichozama majini: pazia, cherehani, na kichwa kidogo kikichungulia kutoka chini ya meza. Hakugeuka. Aliinua mkono polepole. Kiooni, mkono mdogo nao ukainuka. Akashika sikio, na kule sikio likashikwa. Mkewe, aliyekuwa akishona, akaisimamisha cherehani.

Ndipo akaweka kiganja sikioni, akasema kwa ile sauti ya chini ya simuni ya miaka yote, "Halo? Ni Chiriku huyo?"

"Ndiyo."

"Umekula?"

"Nimekula, Baba. Utakuja lini?"

"Nimeshafika, mwanangu."

Kisha mpishi akahisi kifua kidogo chenye joto kikimwegemea mgongoni, na mikono miwili ikimzunguka shingo. Mlangoni fundi alikuwa akipiga hodi, transfoma mkononi, wala hakuna aliyenyanyuka.

Naam, kila mlango na ufunguo wake.