Kwa Nini Vikombe vya Aonuma Vina Nyufa

Nyinyi mnaogeuzageuza kikombe mkitafuta ufa, kiwekeni chini kwanza mnisikilize. Hapo kale, vikombe vya kijiji chetu cha Aonuma, huku milimani Japani, vilikuwa vya hudhurungi na havikuwa na mstari hata mmoja. Tulivipaka uji wa majivu na mawe yaliyosagwa, ukaungua ukawa ngozi ya kioo. Lakini udongo wetu una kutu, na moto uliachwa uvute hewa utakavyo, basi chombo kilitoka na rangi ya ukoko wa wali. Watu walivinywea, ila hakuna aliyevisifu.

Mlima tulikochimba udongo ulikuwa mali ya bwana wa ngome, mtawala wa nchi ile. Siku moja akatuma neno: kijiji kitakachomletea kikombe kinachoistahili chai yake ndicho kitakachochimba huko, na vingine vizime majoko, yale matanuri ya kuchomea vyombo. Kwetu ilikuwa kufa au kupona, kwani hatukujua kazi nyingine.

Mfinyanzi wetu mkuu alikuwa mzee Genzaemon, akisaidiwa na mkamwana wake Tose, mjane wa maneno machache na kichwa kigumu. Joko lenye vikombe vya bwana lilipokuwa limekolea moto, mvua ya upepo ikashuka. Tose akahofia maji yasiingie, akayakandika matundu yote kwa udongo mbichi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Moto ukakosa hewa, moshi mweusi ukapenya kila ufa wa ukuta.

"Mkamwana wangu, umeuua moto," mzee akasema, akakaa chini.

"Nimeufunga tu, baba," Tose akajibu.

Mjumbe wa ngome akafika kabla ya siku yake, wala hakutaka kungoja. Wakabomoa mlango wa joko lingali moto. Vikombe vilikuwa vya kijani, kijani cha bonde lenye ukungu, maana moto wenye njaa ya hewa ulikuwa umeigeuza rangi ile kutu ya udongo. Mzee akalia kwa furaha. Kisha baridi ikaingia, na ngozi ya kioo ikaanza kupasuka, tin, tin, tin, mpaka kila kikombe kikajaa nyufa nyembamba.

"Siwezi kumpelekea bwana wangu vitu vibovu," mjumbe akasema.

Tose hakuomba radhi. Alijaza kikombe chai, akakiweka juu ya mkono wa joho la mjumbe, hariri nyeupe. Mjumbe hakuthubutu kutikisika. Chai ikapoa, na hariri ikabaki kavu.

"Kilichopasuka ni ngozi. Mwili ni mzima," Tose akasema. "Mwambie bwana hatuna kingine, wala hatutafuti kingine."

Mlima ukawa wetu.

Na tangu siku hiyo, Aonuma huunyima moto hewa kwa makusudi, na joko likifunguliwa hakuna anayesema neno, tunasikiliza milio. Chai huzitia nyufa rangi mwaka hata mwaka, na hakuna vikombe viwili vinavyofanana. Mgeni akitupa pole kwa nyufa zetu, hatubishani naye. Tunamwomba tu atunyooshee mkono wa nguo yake.