Jukwaa Lililotoa Kisogo

Ndugu zangu mlioketi, na ninyi mliosimama kule mlangoni kwa kukosa nafasi, niruhusuni niwapeleke uwanja wa mpira kwa dakika chache. Nitawarudisha salama.

Palikuwa na tawi moja la mashabiki katika mji usio mkubwa wala mdogo. Siku za kazi walikutana kwenye benchi la kinyozi mmoja. Siku ya mechi walilijaza jukwaa zima la mashariki. Walikuwa watu wa heshima. Hawakurusha chupa, hawakumtukana mwamuzi, na hawakumzomea mchezaji wao hata siku moja. Kuzomea, walisema, ni kazi ya wahuni. Wao walikuwa na desturi yao. Mchezaji akiwachosha, jukwaa zima liligeuka zilipobaki dakika kumi za mwisho, likampa kisogo, likasimama hivyo kimya mpaka filimbi ya kumaliza. Aliyerudisha uso uwanjani kabla ya filimbi alihesabiwa si mwenzao tena. Viongozi wa klabu waliijua ishara ile na kuiogopa, kwa maana mchezaji aliyepewa kisogo hakuivaa tena jezi yao msimu uliofuata.

Basi klabu ilikuwa na kijana mmoja, winga wa kushoto, mwenye umri wa miaka ishirini. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na viongozi walikuwa wamegawanyika. Wakasema, "Jumamosi tutalitazama jukwaa la mashariki. Likimtaka, atabaki. Likigeuka, aende zake." Kwa hiyo Alhamisi mchana benchi la kinyozi likajaa, na waliokosa nafasi wakakaa juu ya matofali.

Katibu wa tawi alifungua karatasi yake. "Mechi sita, ndugu wajumbe. Mechi sita hana bao, hana pasi ya bao. Na kwa mwezi anachukua mshahara wa walimu kumi na wawili."

"Wenye digrii!" akadakia mmoja.

"Kanunua gari," akasema kinyozi, huku ameshika kidevu cha mteja. "Tangu siku ile, mbio zake kaziacha humo garini."

Wakacheka mpaka mteja akaomba wembe uondolewe shingoni kwake kwanza.

"Na hayo mapenzi yake kwa klabu?" katibu akaendelea. "Jumapili anaibusu nembo ya jezi. Jumatatu wakala wake anaonekana uwanja wa ndege na mkoba."

"Jamani, ana miaka ishirini," akasema mama mmoja aliyewauzia maandazi, naye ni mwanachama kama wao. "Wangu ana ishirini na miwili, na kitanda chake mpaka leo natandika mimi."

"Wako halipwi kwa kutandika kitanda, mama!"

Sasa, kwenye benchi lile alikuwapo mtu mmoja asiyeona. Alikuwa amestaafu kazi ya kupokea simu katika ofisi moja ya serikali, na kwa miaka thelathini alikuwa amewajua watu wa wilaya nzima kwa sauti zao. Hakuna mechi aliyoikosa. Alikaa safu ya mbele kabisa, karibu na uzio, na kinyozi alikaa ubavuni pake kumsimulia yanayotendeka. Ndiye aliyeinua mkono akaomba kusema.

"Katibu, nina swali moja. Huyu kijana anachezaje?"

"Si nimekwambia, mzee wangu? Mechi sita..."

"Hiyo ni hesabu yake. Mimi nauliza anachezaje. Mpira ukimfikia anaupokea kwa mguu gani? Beki akimjia, yeye hufanya nini? Mimi sijapata kumwona. Ninyi mnamwona kila wiki. Naomba mmoja tu aniambie."

Katibu aliitazama karatasi yake, na jambo hilo halikuwa limeandikwa humo.

"Kinyozi," akasema yule mzee, "wewe ndiwe macho yangu. Mwaka jana, kijana akishika mpira, ulikuwa ukinibana mkono mpaka unauma. Mwaka huu wote unanisimulia mshahara wake."

Kinyozi aliufuta wembe ambao tayari ulikuwa safi.

Katibu akaita kura. Mikono ikapanda. Wa yule mama ulichelewa, lakini alipotazama kulia na kushoto, nao ukapanda. Mkono mmoja tu haukupanda.

"Mimi sitageuka," akasema mzee.

Katibu akamwekea mkono begani kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, akasema, "Mzee wangu, kwa hali yako, ugeuke usigeuke, si yaleyale?"

Benchi zima likaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka pamoja nao. Naona na ninyi mnacheka. Chekeni. Lakini katibu alikuwa amesema kweli, au hakuwa amesema kweli? Lishikeni swali hilo kidogo.

Jumamosi ikafika. Mechi ile haikurushwa na runinga yoyote. Nani angegharamia kamera kwa ajili ya mji ule? Dakika ikafika themanini, hakuna bao. Katibu akasimama, akainua mkono wake, na jukwaa la mashariki likageuka kama mtu mmoja. Watu elfu moja na mia mbili, visogo uwanjani, nyuso kwenye ukuta wa saruji. Mbele kabisa, katikati ya migongo ile, alibaki mtu mmoja aliyeelekeza uso wake uwanjani, naye ndiye asiyeona.

Ilipata dakika ya themanini na saba. Wale waliogeuka walisikia mpira ukija upande wao wa kushoto, chini yao kabisa. Walisikia jukwaa la pili, la wapinzani, likianza kunguruma kama watu wanaoonya jambo. Kisha ule mngurumo ukakatika. Uwanja mzima ukanyamaza. Ndugu zangu, mmepata kusikia watu maelfu wakinyamaza kwa pamoja bila kuamriwa? Haukuwa ukimya wa msiba. Ulikuwa ukimya wa watu waliosahau kwamba wana vinywa. Na baada ya ukimya huo, kitu kilichoanza hakikuwa kelele. Yalikuwa makofi, na yalitoka kwa wapinzani. Watu waliofungwa walikuwa wakimpigia makofi aliyewafunga.

Shingo ya kinyozi ilitaka kugeuka. Lakini katibu alikuwa karibu, na elfu nzima walikuwa wameganda, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mnajua jambo hili. Hasira hupoa upesi. Aibu ndiyo yenye shingo ngumu.

Ndipo waliposikia viatu vya mpira vikija mbio kuelekea kwao. Kijana alikuwa amewakimbilia. Mechi sita zilizopita alikuwa hana cha kuwapa, na siku ile alikuwa nacho, akakileta kwao kabla ya kukipeleka kwa mtu mwingine yeyote. Akafika kwenye uzio mikono yake ikiwa wazi, akaona migongo. Viatu vikasimama. Migongo elfu moja na mia mbili, na uso mmoja tu uliomwelekea, uso wa mzee, nao umelowa machozi.

Wakamsikia anahema. Kisha wakamsikia anasema, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeliona?"

"Nimeliona," akasema yule mzee asiyeona. "Nimeliona lote."

Kijana akasimama pale kitambo kidogo. Kisha viatu vikaondoka, polepole. Hakuna aliyegeuka.

Filimbi ya mwisho ilipolia, jukwaa likageuka. Waliona wachezaji wakitoka, ubao unasema moja kwa sifuri, kipa wa wapinzani amekaa chini ndani ya lango lake anatikisa kichwa na kutabasamu kama mtu aliyeota ndoto nzuri. Na hao watu wenye macho mawili mawili, katibu akiwa wa kwanza, wakamzunguka kipofu wao, wakamshika shati, wakamsihi: "Mzee, amefanya nini? Tuambie. Amefanya nini?"

Akajibu, "Nilisikia mpira ukiguswa mara tatu chini yangu, laini, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Nikasikia mabeki wawili wakianguka, mmoja huku na mmoja kule. Mguso wa nne sikuusikia. Nilisikia tu watu wote wakiacha kupumua, nami nikaacha pamoja nao. Kilichokuwa katikati, jamani, sina maneno yake. Nilidhani ninyi ndio mtaniambia."

Yule kijana hakubaki. Viongozi walikuwa wamelitazama jukwaa, kama walivyoahidi. Juma lililofuata alikuwa kwenye klabu nyingine, katika mji mwingine. Na hadi leo, mtu wa jukwaa la mashariki akiulizwa habari za bao lile, huanza hivi: "Walioliona wanasema..."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotaka tufike. Angalieni vizuri kosa la watu hawa. Katibu hakudanganya. Mechi zilikuwa sita kweli. Mshahara ulikuwa mkubwa kweli. Hata wakala, yawezekana alikuwa uwanja wa ndege kweli. Karatasi yake haikuwa na uongo hata mstari mmoja, nayo ndiyo iliyomzuia asione jambo ambalo huenda Mungu halitendi mara mbili katika maisha ya mtu.

Na sisi? Sisi tunajua mwalimu wa kwaya analipwa kiasi gani, na ni kanisa gani limemwita. Tunajua ni Jumapili ngapi mzee fulani hakutoa sadaka. Asubuhi ya leo, wakati binti yule wa safu ya pili alipoimba ubeti wa tatu peke yake, nyumba hii ilipata kitu kisichokuwamo dakika moja kabla. Ni wangapi waliokipokea? Na ni wangapi waliokuwa wakinong'ona juu ya urefu wa sketi yake? Mume, ni lini mara ya mwisho ulipomtazama mkeo akifanya jambo analolijua kuliko watu wote? Mzazi, karatasi ya alama za mwanao unaijua kwa moyo. Je, mwanao unamjua anachezaje?

Mwenyezi Mungu hakuweka neema yake kwenye ratiba yetu. Humjalia mtu aliyekwisha kutuchosha. Huitoa katika dakika ya themanini na saba, baada ya sisi kupiga kura. Nayo neema, tazameni ajabu hii, hutukimbilia sisi kwanza, mikono wazi, mpaka kwenye uzio wetu. Natetemeka kila ninapofikiri ni mara ngapi imefika pale, ikahema, ikangoja kidogo.

Sitasema zaidi. Tutasimama kwa sala, lakini leo hatutafumba macho. Mgeukie aliye karibu nawe, yule hasa uliyekwisha kumkatia shauri, umtazame usoni mpaka umwone. Mimi nitaomba. Ninyi tazameni.