Bega la Mghoi

Hapo zamani, na zamani yenyewe haijapata hata kupoa, ni miaka miwili na ushei tu, palikuwa na mtoto mmoja na watu wazima watatu waliomtakia mema. Mmoja wa hao watatu ni mimi. Nasema mapema, asije mtu akadai nilijificha nyuma ya hadithi.

Mtoto aliitwa Mghoi. Miaka tisa, mkaazi wa Voi, mdomo mkali, mchezaji wa netiboli. Siku moja akaanguka uwanjani. Bega la kulia likavimba, uvimbe ukawa mgumu kama kiazi kibichi, na mkono ukaanza kugoma kupanda. Mamake, Wakesho, mshonaji wa sare za shule, akamleta hospitali, idara ya fiziotherapia.

Hapo idarani alikuwepo mkuu, Bwana Mwandoe. Miaka ishirini na miwili kazini, wagonjwa arobaini kwa siku, vitanda vitatu. Mtu mzuri, wallahi. Ila bila sahihi yake kwenye kitabu chako cha mafunzo hupati digrii, na hilo wanafunzi wote tulilijua kuliko tulivyojua mifupa.

Na nilikuwepo mimi, Mshai, mwanafunzi wa mwaka wa nne, natafuta risachi ya kunitoa, utafiti wa tasnifu yangu. Wenzangu walichukua maumivu ya mgongo, kama kila mtu tangu dunia iumbwe. Mimi nikataka magonjwa adimu ya misuli. Nilitaka jina. Haya, jina ninalo, vyeti ninavyo, na kila ofisi ninayokwenda naambiwa niache CV kwa askari wa geti.

Siku ya kwanza Bwana Mwandoe akashika fomu.

"Mama Mghoi, mtoto alizaliwa na kasoro yoyote?"

"Hapana, daktari. Alizaliwa mzima."

"Vizuri. Hili bega limeganda tu. Tutalivuta. Litauma kidogo, lakini no pain, no gain, sivyo Mghoi?"

Mghoi akamtazama. "Pain ni yangu. Gain ni ya nani?"

Tukacheka sote. Tukasema, kajanja kweli haka. Nami nikamchukua kwa tasnifu yangu, maana bega kuganda kwa mtoto ni jambo adimu.

Basi Jumatatu akaja. Akalala, nikavuta, akalia, nikapima, nikaandika. Jumatano akaja. Akalala, nikavuta, akalia, nikapima, nikaandika. Ijumaa vilevile. Wiki ya kwanza mkono ulipanda hadi digrii mia na ishirini. Wiki ya pili, mia. Wiki ya tatu ilipoanza, themanini na tano.

"Unambembeleza," Bwana Mwandoe akaniambia. "Vuta kama mtu aliyekula."

Nikavuta kama mtu aliyekula.

Jumatano ya wiki hiyo, nikiwa maktabani na vipimo vyangu vinane, nikakutana na makala ya ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya watu milioni, pengine hata wachache zaidi. Misuli inageuka mfupa. Ukiigonga, inageuka. Ukiichoma sindano, inageuka. Ukiivuta, ndiyo kabisa umeiharakisha. Na mtoto huzaliwa na alama yake: vidole vikubwa vya miguu ni vifupi, vimepinda kuelekea vidole vingine.

Mghoi alikuwa havui soksi. Wiki tatu kitandani kwetu, havui soksi, na hakuna aliyemwambia avue. Si amekuja na bega?

Ijumaa nikamwendea mkuu. "Sir, nimesoma kitu. Huenda lile si bega la kuganda."

"Mshai, mimi nimeona mabega elfu mbili. Wewe umeona mangapi?"

"Sita, Sir."

"Basi vuta."

Ningeweza kumvua mtoto soksi. Ni kazi ya sekunde mbili. Lakini kitabu changu kilikuwa hakijatiwa sahihi, na tasnifu yangu ilihitaji vipimo kumi na viwili. Vilikuwa vimebaki vinne. Nikajiambia, bado sina hakika. Mnauona huo ujanja? Soksi iko pale, shibiri mbili kutoka mkononi mwangu, nami najiambia sina hakika.

Akalala, nikavuta, akalia, nikapima, nikaandika. Mara nne.

Kipimo cha kumi na mbili kilisoma digrii hamsini. Nilipokwisha kukiandika, hapo ndipo nikasema, "Mghoi, hebu nione miguu."

Wakesho akaruka. "Miguu ya nini? Mtoto anaumwa bega!"

Mtoto akavua mwenyewe. Vidole vikubwa vilikuwa vifupi, vimepinda, kama ilivyoandikwa. Nikamwita Bwana Mwandoe, nikampa makala. Akaisoma amesimama, wagonjwa wakimkodolea macho kutoka kwenye benchi. Alipomaliza sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Mtoto huyu asivutwe tena. Na mtu yeyote."

Picha zikapigwa. Mfupa mpya ulikuwa umeota begani, umefunga njia kama komeo. Bega halijafunguka hadi leo.

Tasnifu yangu ilipata A. Mhadhiri mmoja aliisifu ile grafu inayoshuka. Nzuri, akasema, safi kabisa.

Mwezi uliopita tukakutana nyumbani kwa Wakesho. Bwana Mwandoe ndiye aliyeomba kikao, na alikuja amevaa shati la kanisani. Mghoi alikaa mkekani, akisikiliza.

Wakesho akaanza. "Kosa ni langu. Alipozaliwa, mkunga aliona vidole akamwita mwenzake aje atazame. Mama mkwe akaniuliza, kwenu kuna laana gani? Nikamvisha soksi akiwa na siku tatu. Fomu ilipouliza, nilijibu kama nilivyozoea kuwajibu majirani. Lakini jamani, mlikaa na mtoto wangu mwezi mzima. Hamkuwa na haja ya kuona miguu yake?"

Bwana Mwandoe akakohoa. "Mama Mghoi, kosa ni langu. Amri ilikuwa yangu. Huyu binti aliniletea swali, nikamjibu kwa umri wangu. Lakini ugonjwa huu haungoji kuvutwa. Huenda bega lingefunga hata tusingeligusa. Huenda. Mimi naamka na hiyo huenda kila siku."

Nami nikasema, "Kosa ni langu. Mama hakujua kuwa vidole vina maana. Bwana Mwandoe hakujua ugonjwa. Mimi nilijua pa kutazama, nikangoja namba zangu zitimie. Lakini nisingesoma, tungekuwa tunavuta mpaka leo, na bega la pili lingefuata."

Wakesho hakunitazama. Bwana Mwandoe alitazama viatu vyake. Mghoi ndiye aliyetutazama, mmoja mmoja.

"Kila mtu kosa ni lake," akasema, "na kila mtu ana lakini."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kitana na kikopo cha mafuta. Akaviweka mezani, katikati yetu.

"Mkono wangu haufiki kichwani. Pole zenu nimezisikia, zimetosha. Ananisuka Mama, kwa kuwa ni mama yangu. Sasa nataka nisukwe na aliyenifunga mkono, kila Jumapili, mpaka nikue. Na asinivute."

Wakesho akanyoosha mkono. Mghoi akausukuma kando, taratibu. "Ngoja, Mama. Kama ni wewe, nataka nijue ni wewe."

Bwana Mwandoe akakunja mikono ya lile shati la kanisani. Mtu ambaye maishani mwake hajawahi kusuka hata kamba. Nami nilikuwa tayari nimeshasimama.

Mtoto akakaa kwenye kigoda, akatugeuzia mgongo, akangoja. Haya, nyinyi mliosikia yote, mkijua nilichokisema na nilichokifanya: je, kitana ni cha nani?